Kuandikishwa Si Kushiba

Dominika ya 17 ya Mwaka B



 

Leo Mama Kanisa anatuwekea mbele yetu mwanzo wa sura ya sita ya Injili ya Mtakatifu Yohane. Habari yenyewe twaijua tangu utoto. Umati mkubwa wa watu unamfuata Bwana mlimani. Bwana anainua macho, anawaona, na jambo la kwanza analouliza ni chakula chao. Filipo anapiga hesabu na kuona kwamba hata dinari mia mbili hazitatosha kumpa kila mtu kipande kidogo. Andrea anamleta kijana mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, na papo hapo anaonyesha wasiwasi wake, kwamba vitu hivyo ni kidogo mno mbele ya watu wengi namna ile. Bwana anaagiza watu waketishwe majanini. Anashukuru, anagawa, wote wanashiba. Kisha anaagiza mabaki yakusanywe, pasiwe na cha kutupwa, nayo yanajaza vikapu kumi na viwili.

Ndugu wapendwa, mwezi huu wa Julai watoto wetu wamerudi shuleni baada ya likizo ya katikati ya mwaka. Wale wa darasa la saba wanahesabu wiki zilizobaki kabla ya mtihani wa taifa wa mwezi Septemba. Kwa hiyo leo tumeona vema tuutazame umati ule wa mlimani huku tukiufikiria umati mwingine, ule unaoketi kila asubuhi katika shule za msingi za serikali, hasa katika miji yetu midogo. Tunasema miji midogo kwa sababu huko shule ya serikali haijifichi. Ipo kando ya soko, au nyuma ya stendi ya mabasi, au, kama ilivyo mahali pengi, ng'ambo tu ya uwanja wa kanisa. Kengele yake, ambayo mara nyingi ni rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mwembe, twaisikia tukiwa kwenye Misa ya asubuhi.

Kwanza tutoe shukrani, kwa maana Bwana naye alishukuru kabla ya kugawa.

Wazee wetu mnakumbuka kwamba shule nyingi za zamani zilianzishwa na misioni, zetu na za madhehebu mengine. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule hizo zikawa mali ya umma, ili mtoto wa kila dini na kila kabila aweze kuingia bila kuulizwa ubatizo wake. Mwezi Novemba mwaka 1974, chama cha TANU kilikutana Musoma kikaazimia kwamba kufikia Novemba 1977 kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule awe na nafasi katika shule ya msingi. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafunzwa ualimu huku wakifundisha, wengine kwa masomo ya posta na ya redio, redio kama hii mnayoisikiliza sasa. Yalikuwa mambo ya haraka, yenye upungufu mwingi. Hata hivyo mamilioni ya watoto walishika kalamu kwa mara ya kwanza katika ukoo wao.

Kisha zikaja taabu za uchumi. Katika miaka ya 1980 na 1990 ada na michango vilirudi, majengo yakachakaa, na watoto wengi wakabaki nyumbani. Baadhi yetu tunaosema nanyi leo tulirudishwa nyumbani kwa kukosa mchango, tukapita mbele ya wenzetu tukiwa tumeinamisha vichwa. Mwaka 2001 serikali ikafuta ada katika shule za msingi, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliozoea kuuita MMEM. Wanafunzi, ambao mwaka 2000 walikuwa kama milioni 4.4 nchini kote, walipita milioni 7 kufikia mwaka 2004. Tena, tangu Januari 2016, agizo la elimu bila malipo lilifuta ada na michango ya lazima, na kwa mara nyingine milango ya darasa la kwanza ikasongwa na watoto. Na Sera ya Elimu, katika toleo lake la mwaka 2023, imeweka elimu ya lazima kuwa ya miaka 10.

Ndugu zetu, haya si mambo madogo. Mtoto wa mama muuza mchicha leo anaandikishwa bure katika shule ile ile aliyosoma diwani wa kata. Asiyeshukuru kwa hilo amesahau tulikotoka.

Lakini Injili haikuishia pale umati ulipofika mlimani. Kufika hakukuwa kushiba. Fikirini ingekuwaje kama mitume wangewahesabu watu wale elfu tano, wakaandika idadi yao vizuri, wakampelekea Bwana taarifa kwamba mahudhurio ni mazuri, kisha wakawaacha waende zao na njaa. Je, tungeliita jambo hilo muujiza?

Tunaomba mtuvumilie tuwasimulie kisa kimoja. Jina la mji hatutalitaja, kwa sababu karibu kila mmoja wenu ataudhani ni wake.

Katika kigango kimoja cha mjini, katekista alikuwa akiwaandaa watoto kwa Sakramenti ya Kipaimara. Miongoni mwao alikuwamo binti wa darasa la sita, mpole, msafi, asiyekosa hata kipindi kimoja. Kila alipopewa kitabu cha sala alikifungua akasoma kwa sauti nzuri, bila kukwama. Katekista alimpenda, akamweka mbele ya wenzake kama mfano. Siku moja, upepo ulifunua ukurasa mwingine, na binti yule akaendelea kusoma sala ile ile ya ukurasa uliotangulia. Katekista akamwita kando baada ya kipindi, akamwonyesha kwa kidole sala nyingine, fupi kuliko ya kwanza, akamwambia, "Mwanangu, hebu nisomee hii." Binti akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hiyo bado sijaishika, Mwalimu."

Hakusema kwamba hajui kusoma. Alisema hajaishika. Kwake yeye, kusoma kulikuwa ni kushika kwa kichwa yale aliyoyasikia wengine wakiyasema.

Katekista alikwenda jioni ile kumwona mama yake, ambaye hukaanga samaki karibu na stendi. Mama alishtuka, akaingia ndani, akatoka na taarifa za shule alizozihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni. Akasema, "Mwalimu, mwanangu hajakosa shule. Hata alipougua malaria alikwenda." Na ilikuwa kweli. Mahudhurio yake ya miaka sita yalikuwa safi. Kila Januari aliandikishwa, kila asubuhi jina lake liliitwa naye akaitikia. Alihesabiwa miaka sita, ndugu zetu. Aliyekosekana ni mtu wa kuketi naye hata dakika chache amsikilize akisoma.

Msidhani kisa hiki ni cha mji mmoja. Utafiti wa Uwezo, ambao matokeo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 2010, uliwapitia watoto majumbani mwao katika wilaya nyingi za nchi yetu. Ulionyesha kwamba katika darasa la tatu ni takriban theluthi moja tu ya watoto walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Na mwaka 2012, katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, waliofaulu hawakufika theluthi moja ya watahiniwa. Taifa lilishtuka. Tangu mwaka 2015 madarasa mawili ya kwanza yalipewa mtaala unaotilia mkazo Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na juhudi nyingi zimefanyika tangu hapo. Tunazishukuru. Hata hivyo, ninyi makatekista mnaowapa watoto vitabu vya sala kila Jumamosi mnajua hali ilivyo, kwa maana mnaona wale wanaosoma na wale walioshika tu.

Basi katekista yule alikwenda shuleni. Kwa busara hakwenda kulaumu. Alimsalimu mwalimu wa darasa la kwanza, akaomba aelezwe kazi yake ilivyo. Mwalimu yule, mama wa makamo, alimwonyesha rundo la madaftari mezani. Yalikuwa 128. Kiwango kinachokubalika ni wanafunzi 45 kwa darasa moja; yeye alikuwa na watoto 128 katika chumba kimoja, watatu au wanne kwa kila dawati, na waliobaki wakiketi sakafuni. Akasema, "Mwalimu mwenzangu, nikimsikiliza kila mtoto akisoma kwa dakika mbili tu, zitanichukua saa nne na zaidi. Kipindi changu ni dakika thelathini. Niambie wewe, nianzie wapi?"

Mnaisikia sauti hiyo? Ni sauti ya Filipo. Ni hesabu ya dinari mia mbili zisizotosha. Mara nyingi tumemhubiri Filipo kana kwamba alikosa imani, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi. Mwalimu yule naye hesabu yake ilikuwa sahihi. Katika MMEM kila mwanafunzi wa shule ya msingi alipangiwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka. Kila mama aendaye sokoni anajua shilingi 10,000 za mwaka 2002 zilinunua nini, na kiasi hicho hicho kilinunua nini miaka 15 baadaye. Kwa hiyo tusimwambie mwalimu mwenye watoto 128 ajitahidi zaidi, kana kwamba hajitahidi. Na tusikubali mahubiri haya yatumike kumwondolea mzigo yule anayestahili kuubeba. Kuajiri walimu, kujenga madarasa na kuleta vitabu ni wajibu wa serikali, kwa fedha za kodi zetu sote, na ni haki yetu kuudai wajibu huo kwa adabu na bila kuchoka.

Hata hivyo Bwana hakukubali mazungumzo yaishie kwenye hesabu ya Filipo. Aliwageukia watu waliokuwapo pale. Nasi leo tujitazame sisi tuliopo hapa.

Kila asubuhi, katika miji yetu midogo, kabla ya saa moja, magari ya shule za binafsi hupita mitaani yakipiga honi. Watoto wenye soksi nyeupe hupanda, wakapelekwa kwenye shule za mchepuo wa Kiingereza. Watoto hao ni wa nani? Ni wa mfanyabiashara wa duka la jumla. Ni wa ofisa wa halmashauri. Ni wa muuguzi, wa fundi mkuu, wa mwenyekiti wa halmashauri ya parokia. Tuseme kweli: wengine ni wa walimu wa shule ya serikali yenyewe. Na yule katekista wa kisa chetu, alipofika kwenye lango la shule siku ile, alitambua kwamba ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia humo kwa miaka saba, ingawa anaishi umbali wa kutupa jiwe. Wanawe wawili hupanda gari la shule.

Hatulaumu mzazi kwa kumtafutia mwanawe mahali pazuri. Mzazi anayejinyima nguo mpya ili alipe ada anatenda jambo la upendo. Mtoto hana miaka sita mingine ya kusubiri mpaka nchi itengeneze madawati. Lakini ndugu wapendwa, kumhamisha mtoto ni jambo moja, na kuihama shule ni jambo jingine. Tunapoondoka, hatuondoki na mtoto peke yake. Tunaondoka na sauti yetu, na elimu yetu ya kusoma taarifa ya mapato na matumizi, na ujasiri wetu wa kumuuliza mwenyekiti wa kamati swali gumu. Tunaondoka na urafiki wetu na diwani. Wanaobaki ni wazazi ambao siku yao ya kikao ni siku ya kupoteza mauzo, na ambao wakisimama kusema sauti hutetemeka. Shule inabaki na watoto wengi na watetezi wachache. Baada ya miaka kumi tunapita pale, tunaona dari limeanguka, tunatikisa kichwa na kusema, "Shule za serikali zimekwisha." Sisi wenyewe tulisaidia kuzimaliza, tulipoacha kukanyaga pale.

Nasi wachungaji hatuwezi kusimama nje ya maungamo haya. Parokia nyingi zina shule zao za kulipia. Ni shule njema, nasi twaona fahari juu yake. Kila mwaka nafasi za masomo zinapotangazwa, tunazisoma matangazo yake baada ya Komunyo. Lakini tulipojichunguza tulipokuwa tukiandaa mahubiri haya, tuliona aibu. Katika miaka yetu ya utumishi tumeitangaza shule ya parokia mara nyingi, ila hatukumbuki kuwa tumewahi kutangaza kikao cha wazazi cha shule ya serikali iliyo ng'ambo ya uwanja. Na watoto wetu wengi wa Komunyo ya Kwanza wanasoma huko, wala si kwenye shule ya parokia. Tulikuwa tumeinua macho, lakini hatukuuona umati. Bwana atusamehe, nasi tuanze upya.

Tuanzie wapi? Tuanzie pale alipoanzia Andrea. Yeye hakuwa na jibu. Alimwona tu mtoto na alichokishika mkononi. Tena angalieni ajabu hii: waliohesabu umati ule walihesabu wanaume elfu tano, na Mtakatifu Mathayo anasema wazi kwamba wanawake na watoto hawakuwamo katika hesabu. Mtoto ambaye hakuhesabiwa ndiye aliyekuwa na mikate. Siku hizi tunawahesabu watoto vizuri sana, lakini je, tunatazama mikononi mwao wana nini?

Katekista yule alifanya jambo dogo. Alikwenda kwenye jumuiya ndogo ndogo tatu, akaomba kila jumuiya imtolee watu wawili wanaojua kusoma vizuri. Akapata sita: mama wanne, kijana mmoja wa kidato cha nne, na mzee mmoja mstaafu wa posta. Kila Jumamosi, saa moja kabla ya mafundisho, kila mmoja huketi chini ya mti na watoto watano. Watoto thelathini kwa jumla, Wakristo na Waislamu, kwa maana jirani zao waliposikia walileta watoto wao, wala hakuna aliyeulizwa dini. Kila mtoto husikilizwa akisoma, mmoja mmoja. Basi. Hakuna jengo lililojengwa, hakuna mfadhili aliyekuja. Mwalimu wa darasa la kwanza huwapa orodha ya watoto wanaohitaji zaidi. Kumbukeni kwamba katika Injili ya Mtakatifu Luka Bwana aliagiza umati uketishwe kwa makundi ya watu kama hamsini hamsini. Mbele ya umati mkubwa alianza kwa kuugawa, ili kila mtu awe karibu na mkono wa anayegawa. Hekima hiyo haihitaji dinari mia mbili.

Sasa tuwaeleze mambo matatu ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyatenda, awe na mtoto shuleni pale au asiwe naye.

La kwanza, tuhudhurie. Kila shule ya msingi ina kamati ya shule, na wazazi wana viti ndani yake. Twende kwenye vikao, tugombee nafasi hizo, tuwapo humo tuulize ruzuku imeingia kiasi gani na imetumikaje. Kuuliza si uadui. Mwalimu mkuu mwaminifu hufurahi kuulizwa, kwa maana maswali ya wazazi humpa nguvu anapokwenda halmashauri kuomba mwalimu wa ziada.

La pili, tuchangie kwa haki. Elimu bila malipo haikumwondolea mzazi sare, daftari na chakula cha mtoto. Uji wa saa nne asubuhi, kwa mahindi debe moja moja kutoka kila nyumba yenye uwezo, humfanya mtoto aweze kuusikia ubao. Lakini tuweke neno hili mioyoni: mchango ni wa hiari, na mtoto asirudishwe nyumbani wala kunyimwa uji kwa sababu mama yake hakutoa. Kijana wa Injili alitoa mikate yake; hatusomi kwamba waliokuja mikono mitupu waliondolewa majanini. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho ni cha wote.

La tatu, tukusanye mabaki. Bwana hakuridhika na kushiba kwa wengi. Aliagiza hata vipande vilivyodondoka viokotwe. Katika mji mdogo tunawajua watoto waliodondoka. Yule anayebeba mizigo stendi saa ya masomo. Yule aliyepelekwa kwa jamaa kulea mtoto mchanga. Yule mwenye ulemavu anayefichwa uani. Na yule binti aliyepata ujauzito akiwa mwanafunzi. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwamo, warudi katika mfumo rasmi wa shule. Mlango wa shule umefunguliwa. Je, mlango wa midomo yetu? Wako mabinti ambao sheria imewaruhusu kurudi, lakini maneno ya majirani, na pengine ya sisi wanajumuiya, yamewafungia ndani. Tukumbuke kwamba vipande vile havikuitwa takataka. Viliwekwa kikapuni kwa heshima, kwa sababu vilikuwa sehemu ya mkate ule ule uliobarikiwa.

Ndugu wapendwa, pengine mnangoja mwisho mzuri wa kisa cha binti yule. Hatuna mwisho wa kuwapa. Sasa yuko darasa la saba. Mwezi uliopita, katika Misa ya watoto, alisoma somo la kwanza. Alisoma polepole, akakwama mara mbili, na mara zote mbili alirudi nyuma akalisoma neno upya mpaka likatoka. Wachache waliojua habari zake walifuta machozi. Mama yake alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, na harufu ya samaki katika kanga yake. Mtihani wake ni Septemba. Miaka mitano iliyopotea hairudishwi kwa Jumamosi chache, na huenda hatafaulu. Lakini somo lile hakulishika kwa kichwa. Alilisoma.

Wiki hii, basi, tunawaomba kila mmoja wenu ajiulize swali hili: shule ya serikali iliyo karibu na nyumba yangu, niliingia lini mara ya mwisho? Kama jibu ni miaka, nenda. Nenda Jumatatu, msalimu mwalimu, uliza kikao cha wazazi ni lini. Mkono mmoja haulei mwana, na mwana anayesoma ng'ambo ya uwanja ni wetu, hata kama hakuzaliwa nyumbani mwetu.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeinua macho ukauona umati, utupe nasi macho ya kuwaona watoto waketio sakafuni. Uwatie nguvu walimu wao, wenye rundo la madaftari na siku fupi. Uwape watawala wetu moyo wa kupanga mambo ya watoto kwanza. Utuondolee kiburi cha kujiokoa sisi na wanetu peke yetu. Uipokee mikate yetu mitano, maana ndiyo tuliyo nayo, nawe uizidishe, hata asipotee hata mmoja wa wadogo hawa. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.